Filamu Iliyosahauliwa kwa Waraka

Hapo zamani za juzi juzi, katika nchi ya Shwari, ambayo msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani kwa kuwa haifanani kabisa na nchi yoyote anayoijua, aliishi mtumishi wa umma aitwaye Shekue Tamimu. Alikuwa mtu mwema, mwenye mke mmoja, binti aliyeolewa mbali na pensheni iliyokuwa inamjia taratibu. Kazi yake ilikuwa kutazama watu wakitazama.

Msidhani natania. Shwari ina Idara ya Mapokezi ya Burudani, na Shekue alikuwa Ofisa Mwandamizi humo. Kila penye sinema, ngoma au mchezo wa kuigiza, ofisa wa Mapokezi huwekewa kiti mbele kabisa, akaipa mgongo burudani yenyewe na kuzikabili nyuso za watazamaji. Burudani haimhusu. Yeye huangalia nani kacheka, kacheka wapi, na kama alianza mwenyewe au alifuata wenzake. Tangu aingie idara hiyo Shekue alikuwa amehudhuria kila filamu iliyoonyeshwa nchini, na alikuwa hajaona hata moja.

Hilo la nani alianza ni jambo kubwa Shwari. Kwetu kicheko hushuka. Mkubwa hucheka kwanza, kisha naibu wake, kisha wakuu wa vitengo, hivyo hivyo mpaka kwa mfagizi, ambaye mara nyingi kicheko kikimfikia wenzake wameshasahau kilichochekesha na wamerudi kazini. Mdogo akicheka kabla ya mkubwa, hayo ni mapinduzi madogo. Nyumbani nako vivyo hivyo: baba kwanza, mama, halafu watoto kwa umri wao. Wageni hustaajabu wakiona, lakini wageni kwao hucheka ovyo ovyo, na hali yao mnaijua.

* * *

Siku ya Utulivu ya mwaka huo, saa nane mchana, taifa zima lilikaa mbele ya runinga kusubiri hotuba ya Mtukufu. Mtukufu ndiye mkuu wa nchi. Jina analo, ila hakuna aliyewahi kuthubutu kulitumia. Hotuba ilikuwa imerekodiwa mapema ili isije ikawa na makosa, lakini fundi wa Televisheni ya Taifa alipoipachika ile kanda, mashine ikaitafuna yote, kuanzia salamu mpaka mafanikio. Kanuni za kituo zinasema kioo kisikae kitupu Siku ya Utulivu, maana utupu unaweza kufasiriwa vibaya. Fundi, jasho likimtiririka, akafungua kabati, akachomoa kanda ya kwanza iliyomjia mkononi, akaifuta vumbi kwa shati lake na kuipachika.

Ikawa ni filamu ya zamani ya kuchekesha, habari ya mapenzi ya ofisini, jina lake *Nipigie Muhuri, Mpenzi*. Miaka mingi nyuma ilionyeshwa wiki moja tu, na mwaka uliofuata ikasahauliwa. Haikusahauliwa hivi hivi, kama mtu anavyosahau mwavuli. Ilisahauliwa kwa waraka. Watumishi wote wa umma waliagizwa waisahau mara moja, na kila mmoja aijulishe ofisi yake akishamaliza kusahau. Washwari ni watu watiifu, wakasahau. Halafu kwa kuwa waraka wenyewe ulikuwa unaitaja filamu, nao ikabidi usahauliwe, pamoja na sababu iliyoandikwa ndani yake.

Shekue alikuwa nyumbani. Hata siku za mapumziko mazoea hayakumwacha: alikuwa amegeuza kiti, ameipa mgongo runinga, anamtazama mkewe Somoe aliyekaa mkekani na ungo wa mchele mapajani. Badala ya wimbo wa taifa alisikia nyuma yake mashine za kupiga chapa zikirindima, kisha kijiko kikigongana na kikombe. Somoe akainua uso. Akausogeza ungo. Kisha akacheka.

Hakutabasamu wala hakuguna. Alicheka kicheko kizima cha kutoka tumboni, mchele ukaruka, machozi yakamtoka. Na alicheka peke yake, kwa kuwa mumewe alikuwa hajacheka.

"Mama Zaina," alisema Shekue.

"Abee." Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Umecheka."

"Nimecheka, baba."

"Mimi sijacheka."

"Nimeona. Si ugeuke basi nawe ucheke?"

"Kugeuka si kazi yangu. Umecheka nini?"

Somoe akamtazama kwa muda, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalizie maneno. "Kwani wewe hujui?" aliuliza.

Kabla Shekue hajajibu, upande wa pili wa ukuta mtu alikohoa. Nyumba za watumishi Shwari zimejengwa kuta nyembamba ili majirani wapendane, na jirani huyo alikuwa Bwana Mshangama, ambaye naye ni mtumishi wa umma, katika idara ambayo sitaitaja kwa kuwa itasikia. Bwana Mshangama hakuwa na maradhi ya kifua. Alikohoa tu pale alipotaka ijulikane kwamba yupo.

* * *

Kulipokucha, nchi ilikuwa imegawanyika. Hili lilikuwa jambo geni, maana tofauti za maoni zilifutwa Shwari kwa kura ya wazi iliyopita kwa asilimia mia moja na mbili. Sasa ghafla walikuwepo waliosema filamu ile ni tamu kuliko asali na waliosema ni upuuzi mtupu. Walikuwepo waliompenda Sululu, karani maskini wa kwenye filamu, na waliosema Mkurugenzi wake ndiye aliyemstahili yule binti mpiga chapa, kwa kuwa ana gari na cheo. Sokoni muuza maandazi alikataa kumuuzia mtu wa upande wa Mkurugenzi. Kinyozi mmoja alimwacha mteja na kichwa nusu. Gazeti la serikali, liitwalo *Ndiyo*, liliandika kwamba wananchi wote wamechukizwa. Gazeti la upinzani, *Ndiyo Pia*, likaunga mkono.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna upande uliolisema. Kila mtu alikiri kwamba pana mahali katika filamu hiyo, "pale penye chai," pana kitu. Ukiuliza kitu gani, mtu anatazama viatu vyake. Kutaja mahali pa kuchekesha ni kukiri kwamba ulicheka, na kukiri kwamba ulicheka ni kukiri kwamba hukusubiri.

Shekue aliyasikia haya yote njiani kwenda kazini, na kila alichosikia kilimtia shaka. Ofisini akakuta wenzake wamekaa wima, kila mmoja akimtazama mwenziwe pembeni mwa mdomo kuona kama pana mkunjo.

Mkuu wao, Dakta Mapembe, aliwakusanya ukumbini. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, na heshima yenyewe aliitia nguvu kwa kupaza sauti.

"Ndugu watumishi," alianza, "kicheko si jambo la kuchekea. Filamu hii ilisahauliwa kwa amri. Serikali haisahau jambo bila sababu. Kwa hiyo filamu hii ni ya hatari. Hatari hiyo ni ipi? Hatujui. Tuliisahau. Na hatari isiyojulikana ilipo, ndugu zangu, ipo kila mahali!"

Akanyamaza ili maneno yazame. Yalizama.

"Mtukufu ameunda Tume ya Kutafuta Sababu ya Kusahau. Ijumaa filamu itaonyeshwa tena katika Ukumbi wa Umoja, mbele ya Mtukufu mwenyewe. Kila ofisa atamwalika mtu mmoja kutoka mtaani kwake ambaye anajulikana alicheka Siku ya Utulivu kabla ya wakubwa zake. Kitakapofika kipande kile cha chai, ofisa atasimama na kumnyooshea kidole. Ndipo tutakapojua walichekea nini, na walikuwa wanamcheka nani."

"Na baada ya kunyooshewa kidole, Dakta?" mtu mmoja aliuliza.

"Shule ya Umakini," Dakta alijibu.

Shule ya Umakini iko bara, mbali sana, penye chumvi na jua. Huko mtu hufundishwa kuwa makini. Wanaorudi hurudi wamenyooka uso, hawamcheki mtu wala hawamchekei mtu, hata mtoto wao aliyejifunza kutembea wakiwa hawapo. Mke wa dereva wa idara alirudi kutoka huko, na dereva anasema anapika vizuri, anajibu akiulizwa, lakini yeye huhisi kama anaishi na picha ya pasipoti.

Mkutano ulipokwisha Dakta alimshika Shekue bega. "Bwana Tamimu, mtaa wako umetulia?"

"Umetulia, Dakta."

"Jirani yako ana masikio mazuri sana," alisema Dakta, na kumpapasa bega mara mbili kama mtu anayepima unono wa mbuzi. "Ijumaa nitakuwa nakiangalia kidole chako. Kisiponyooka, atasimama Bwana Mshangama, naye atawanyooshea wote wawili."

* * *

Shekue alirudi nyumbani ameshuka mabega. Alimpenda mkewe, na ninalisema hili wazi kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hajalisema siku nyingi. Lakini Shwari mapenzi na shaka hulala kitanda kimoja, na mwenye kugeuka usingizini hajui atamkumbatia nani. Kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshaacha kujiuliza atamwokoaje Somoe, anajiuliza Somoe alicheka nini.

Maana yeye na Somoe walikutana ofisini. Hilo alilikumbuka. Wote wawili walikuwa Ofisi ya Mizani na Vipimo, yeye karani, Somoe katika masjala, pale barua zinapopokelewa na kuhifadhiwa. Filamu nayo, kwa maelezo ya watu, ilikuwa ya karani na mpiga chapa. Somoe aliposema "kwani wewe hujui," alikuwa anamkumbuka nani? Masjala ya enzi zile ilijaa vijana wenye meno mazuri. Shekue alijaribu kukumbuka siku zile za uchumba wao, akashangaa kuona patupu, pakavu, pamefutwa: anamwona Somoe mezani, kisha anamwona Somoe ndani ya shela. Katikati hamna kitu.

Akaanza kumchunguza kitaalamu. Somoe alipokuwa anasonga ugali, Shekue alikiweka kiti mbele yake, akamtazama. Somoe akatabasamu akiwa ameinamia sufuria.

"Hilo tabasamu la nini?"

"La moshi, baba. Macho yanawasha."

"Moshi humfanya mtu akunje macho. Wewe umekunja midomo."

"Basi ni la midomo."

Alipokuwa anaanika nguo, Shekue alimsikia akivuma wimbo kwa pua. Alipolala alimtazama. Asubuhi Somoe alipomwekea chai, akamgeukia na kusema bila hasira, "Baba Zaina, umenikodolea macho siku tatu hizi kuliko miaka yote ya ndoa. Kama ulikuwa unanitafuta, ungeniambia mapema, ningejipaka wanja."

Alhamisi Shekue alishindwa kuvumilia. Alifungua runinga kwa sauti kubwa ili ukuta usisikie, akakaa mkekani karibu naye, jambo lililomshtua Somoe kidogo.

"Kuna mwaliko wa Ukumbi wa Umoja," alisema. "Kwa ajili yako."

"Wa filamu?"

"Wa filamu."

"Utaninyooshea kidole."

Kumbe mtaa mzima ulishajua, lisemwalo lipo.

"Mshangama alikusikia," alisema Shekue. "Nisiponyoosha mimi atanyoosha yeye, kwetu sote. Lakini niambie, Mama Zaina, nikuelewe. Ulimkumbuka mwanamume gani?"

Somoe alimtazama, na safari hii uso wake haukuwa na mzaha. Alikuwa ameumia, na aliacha aonekane ameumia. "Hukumbuki kweli," alisema. "Nilidhani unafanya hivyo kwa ajili ya kazi."

"Sikumbuki nini?"

"Ule waraka wa kusahau ulikuja mimi nimeshaacha kazi, nina mimba ya Zaina. Haukunihusu. Wewe ulikaa hapo kitini ukasahau kwa bidii siku nzima, jioni ukaniambia, 'Nimemaliza.' Mwezi uliofuata wakakupandisha cheo." Akainuka na ungo wake. "Nikikusimulia mimi itakuwa habari yangu. Kesho geuka uangalie mwenyewe. Halafu ninyooshee vidole vyote kumi, sitalia."

"Ofisa hageuki, Somoe."

"Najua," alisema mkewe. "Tangu siku ile hujageuka."

* * *

Ukumbi wa Umoja ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mtukufu alikaa kwenye kiti cha juu jukwaani, pembeni mwa kioo, ili anayetazama filamu amtazame na yeye. Dakta Mapembe alikaa hatua moja chini yake. Maofisa wa Mapokezi walipangwa mstari mbele, migongo kwenye kioo, kila mmoja akimkabili mtu wake. Somoe alikuwa safu ya tatu, amevaa doti yake ya harusi. Nyuma yake alikaa Bwana Mshangama, amefungua vifungo vya shati ili kifua kiwe tayari.

Taa zikazimwa. Filamu ikaanza.

Sasa fikirini hali ilivyokuwa. Wananchi hawakuweza kucheka kabla ya wakuu wa vitengo. Wakuu wa vitengo walimsubiri Dakta. Dakta alimsubiri Mtukufu. Naye Mtukufu hakuwa na mtu wa kumsubiri juu yake, ila alikaa ameshika magoti, anamtazama huyu na yule, kama mtu aliyekuja harusini bila kualikwa. Kwa hiyo filamu ya kuchekesha ikaenda katika kimya cha matanga. Kila mtu alimshuku aliye kulia kwake. Jasho la watu mia kadhaa wanaojizuia lilipanda mpaka kwenye mapangaboi.

Shekue alisikia mashine za kupiga chapa. Akasikia mlio wa kijiko kwenye kikombe, akajua kipande cha chai kimefika. Kulia kwake maofisa wenzake wakaanza kuinua mikono. Dakta Mapembe alikuwa amekikazia macho kidole cha Shekue.

Somoe alikuwa ameuma kanga. Mabega yalimtikisika, machozi yanamtoka, lakini hakuwa anaangalia kioo. Alikuwa anamwangalia yeye, Shekue, kama vile filamu ilikuwa usoni kwake.

Nyuma ya Shekue kitu kikalia: *tap!* Mlio mdogo, wa mbao laini. Aliujua mlio ule mwilini kabla hajaujua kichwani. Kipaji cha uso kikamwasha.

Akageuka.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi, maana hakuwahi kuonekana ofisa akigeuka. Lakini Shekue hakusikia. Alikuwa anaangalia kioo. Pale palikuwa na ofisi, na chai ya saa nne, na karani Sululu aliyekuwa anamtazama mpiga chapa kwa mahaba mpaka asijue mkono wake unafanya nini. Alikuwa ameinua muhuri agonge barua, akajigonga usoni. Katikati ya kipaji chake liliandikwa neno IMEPOKELEWA, pamoja na tarehe. Mkurugenzi akaingia na kikombe chake, akamsoma yule karani kuanzia mstari wa kwanza, kisha akatamka kwa ukali kwamba katika ofisi yake chochote chenye muhuri hakikai mezani, lazima kiende masjala na kitiwe sahihi. Naye aliyekuwa na zamu ya kutia sahihi ni yule binti ambaye Mkurugenzi mwenyewe alikuwa anamtaka. Binti akatia sahihi. Mkurugenzi akazinduka, akadai arudishiwe. "Haiwezekani, mzee," binti akasema. "Kimeshapokelewa. Ni kanuni zako."

Na hapo yote yakamrudia Shekue, kama maji ya bomba lililokuwa limekatwa. Ubaridi wa wino. Masjala ya Mizani, na Somoe nyuma ya dirisha dogo. Yeye mwenyewe, kijana, siku ya pili baada ya kuiona filamu hii, amesimama pale bila neno hata moja kinywani, kwa kuwa kila alilolifikiria usiku lilimkimbia asubuhi. Basi akatoa muhuri mfukoni na kujigonga usoni kwa makusudi. Na Somoe alicheka, kicheko kile kile, kabla ya mkuu wa masjala, kabla ya mtu yeyote.

Shekue akacheka.

Alicheka kwa sauti, amesimama, mgongo kwa taifa. Dakta Mapembe akaruka kitini. "Mkamateni!" alipiga kelele. "Amegeuka! Amecheka! Ameanza!"

"Ngoja," alisema Mtukufu. Ilikuwa sauti ndogo kuliko ile ya runinga. "Mleteni hapa. Na hiyo filamu isimamisheni." Kioo kikaganda, Sululu na kipaji chake. "Wewe. Unamcheka nani?"

"Najicheka mwenyewe, Mtukufu."

"Eleza."

Shekue aliona Shule ya Umakini iko karibu kama mlango, akaona pia kwamba hakuna tena wa kunyooshewa kidole isipokuwa yeye mwenyewe, na moyo wake ukapoa. Akaeleza. Mtukufu alisikiliza kwa makini sana, ameinama.

"Kwa hiyo huyu wa kwenye filamu alijigonga kwa bahati mbaya."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Na wewe?"

"Kwa makusudi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa siwezi kusema, Mtukufu. Nilitaka anipokee."

Mtukufu alifikiri. "Na muhuri ulitoka?"

"Haukutoka mpaka siku ya harusi, Mtukufu. Wino ulikuwa wa serikali. Shehe alinisoma kabla hajaniozesha."

Safu ya tatu ikapasuka. Somoe alikuwa ameiachia kanga. Kicheko chake kilijaza ukumbi, na nyuma kabisa, mlangoni, mfagizi aliyeegemea fagio lake akakipokea. Kutoka kwa mfagizi kikaenda kwa walinzi, kutoka kwa walinzi kwa makarani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Shwari kicheko kikapanda. Wakuu wa vitengo walikishika kwa mashavu, kikawatoka puani. Maofisa wa Mapokezi waligeuka mmoja mmoja kutazama kioo, vidole vikiwa bado hewani, wakaona filamu kwa mara ya kwanza maishani mwao. Dakta Mapembe alitazama juu kwa Mtukufu, akatazama chini kwa watu wake, akavimba, akajitahidi, kisha akatoa mlio kama birika.

Akabaki Mtukufu. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu: alikuwa hajaelewa. Alizungusha macho ukumbini, akaona ni yeye peke yake asiyecheka, akaingiwa na hofu ambayo mimi nilidhani ni yetu sisi tu. Akafungua mdomo. "Ha," alisema. "Ha ha."

Kisha akamvuta Shekue kwa koti na kumnong'oneza. "Hata ile mara ya kwanza," alisema, "siku ya uzinduzi, walicheka wote. Mimi sikuelewa."

Shekue alimwonea huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko Shule ya Umakini. Tume ilikuwa imepata ilichokuwa inatafuta, na mtu pekee aliyekisikia alikuwa yeye.

* * *

Kesho yake *Ndiyo* liliandika kwa herufi kubwa: MTUKUFU AANZA KUCHEKA, TAIFA LAFUATA. *Ndiyo Pia* likathibitisha. Kwa kuwa aliyeanza ni Mtukufu, hakukuwa na kosa, na kwa kuwa hakukuwa na kosa, Tume ilivunjwa na wajumbe wake wakashukuriwa kwa kutogundua chochote. Dakta Mapembe alipata nishani ya kufuata kwa karibu.

Shekue aliitwa na kustaafishwa asubuhi hiyo hiyo kwa manufaa ya umma, kwa sababu alikuwa amesikia jambo ambalo mtumishi hapaswi kulisikia. Mchana ukatoka waraka mpya: watumishi wote wa umma waisahau filamu mara moja, na watoe taarifa wakimaliza. Wakubwa wa Shwari ni watu makini sana, lakini hapo walikosea mpangilio. Waraka ulipotoka, Shekue alikuwa ameshaondoka kazini. Haukumhusu.

Mpaka leo wenzake wamesahau kwa uaminifu. Ila ukipita ofisi za Shwari wakati wa chai ya saa nne utawakuta wameinamia vikombe, mabega yakiwatikisika, na ukiwauliza wanacheka nini watakuambia hawakumbuki.

Jumapili iliyofuata runinga ilirudia hotuba ya Siku ya Utulivu, iliyorekodiwa upya. Shekue aliingia ndani, akashika kiti chake, akakitazama kidogo, kisha akakitoa uani. Akakaa mkekani, bega kwa bega na mkewe, uso kwenye kioo. Mtukufu alifika kwenye mafanikio. Somoe alimgeukia mumewe, akamlamba kidole gumba cha kulia kama muhuri unavyolowekwa wino, akakiinua kidole hicho na kumgonga nacho mwenyewe katikati ya kipaji.

"Mpaka leo hujafutika," alisema, na kucheka. Shekue naye akacheka mpaka akaanguka ubavu.

Ukuta ukakohoa. "Jirani!" aliita Bwana Mshangama. "Ni wajibu wangu kuuliza. Nani ameanza kucheka humo ndani?"

Shekue alijiinua kwa kiwiko. Lilikuwa swali ambalo juma lililopita lingemtia hofu, na sasa jibu lake lilimfurahisha sana.

"Mke wangu!" alijibu, kwa sauti ya kusikika mpaka idarani. "Ameanza yeye, mimi nimefuata! Andika hivyo hivyo!"

Ukuta ukakohoa tena. Halafu, kidogo kidogo, kikohozi cha Bwana Mshangama kikaanza kubadilika, na mwisho naye akafuata.